Matandiko ya kobe wa ndani: makumbi, udongo, magome, na mchanga wa kuacha dukani

Tuanze na hukumu, maana anayesoma akiwa amesimama dukani hana muda. Kwa kobe wa Hermann, kobe wa Ugiriki na kobe wa Horsfield, ambao ndio wengi kwenye nyumba za Ulaya na Marekani, matandiko tunayoyapa nafasi ya kwanza hayauzwi yakiwa tayari kwenye mfuko mmoja. Ni vumbi la makumbi ya nazi na udongo mtupu wa bustani, nusu kwa nusu, kina cha sentimita 10 kwenda juu, bichi chini na kavu juu. Mifuko ya maduka ya wanyama tutaipitia. Mingine inawafaa sana kobe wa misituni, mingine inafaa kupigia picha tu.

Kwanza, kwa nini yasiwe magazeti tu? Kobe hatandikiwi ili alale pazuri. Yeye ni mchimbaji. Horsfield, ambaye wengi humwita kobe wa Urusi ingawa kwao ni nyika za Kazakhstan, Uzbekistan na Afghanistan, huchimba shimo refu akajifukia humo sehemu kubwa ya mwaka, jua likizidi au baridi ikizidi. (Ni jamaa zake wawili waliozungushwa mwezi na chombo cha Wasovieti, Zond 5, Septemba 1968. Walirudi hai, wamekonda kidogo.) Mnyama wa namna hiyo ukimweka juu ya zulia la plastiki atakwaruza pembe za kizimba kutwa nzima, na wewe utadhani anataka kutoka kumbe anatafuta pa kuzama.

Halafu kuna gamba. Kobe mdogo anayekulia pakavu huota matuta gambani, kila kipande cha gamba kikipanda juu kama kichuguu. Zamani lawama zote zilipewa chakula chenye protini nyingi. Mwaka 2003 Wiesner na Iben walichapisha matokeo ya kulea watoto wa kobe aina ya sulcata katika viwango tofauti vya unyevu na protini: waliokaa pakavu ndio waliopata matuta makubwa, na mchango wa protini ulikuwa mdogo. Unyevu huo, kwa kobe wa ndani, hautoki kwenye chupa ya kupulizia. Unatoka chini, kwenye matandiko.

Jambo la tatu ni mdomo. Kobe hana meno wala hashiki chakula kwa mkono. Anauma jani pamoja na kilichogandia chini ya jani. Kwa hiyo chochote utakachotandika kitaliwa, kidogo kidogo, kila siku. Matandiko salama ni yale yanayopita tumboni bila kuganda wala kuvimba.

Makumbi

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kumbi ni nini. Zanzibar makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi hadi yalainike, kisha akina mama huyaponda na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Ule unga wa kahawia unaopukutika, ambao kwa msokota kamba ni taka, ndio unaoshindiliwa kwa mashine kuwa tofali na kuuzwa kwa wafugaji wa kobe. Mwingi hutoka India na Sri Lanka. Eco Earth ya kampuni ya Zoo Med na Plantation Soil ya kampuni ya Exo Terra ni unga huohuo: tofali la gramu 650 ambalo likilowekwa hutoa kama lita 7 hadi 8. Maduka ya bustani huuza bonge la kilo 5 la kitu kilekile, linalotoa lita 60 hadi 70. Usilinganishe bei ya tofali na bei ya bonge. Gawa bei kwa lita utakazopata, na kwa kawaida bonge la bustani litashinda kwa mbali.

Tofauti ni kwamba tofali la duka la wanyama limekusudiwa mnyama, na bonge la bustani limekusudiwa nyanya. Soma lebo. Likiwa limeongezwa mbolea au dawa ya wadudu, liache. Tatizo la pili ni chumvi. Kumbi lenyewe lina potasiamu na sodiamu, na likilainishwa kwenye maji ya chumvi huongeza nyingine. Watengenezaji makini huosha unga kabla ya kuushindilia na kuandika kiwango cha EC, yaani kipimo cha chumvi zilizoyeyuka. Kidogo ndicho kizuri, na chini ya 1 mS/cm huna haja ya kuhangaika. Pasipoandikwa kitu, osha mwenyewe.

Kuloweka kunaonekana jambo la mtoto, lakini hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tofali moja la gramu 650 linataka beseni la lita 12 au zaidi na maji ya uvuguvugu lita 3 na nusu. Usimwage yote mara moja. Mwaga lita 2, subiri dakika 10, utaona kingo zinavimba na kumeguka kama mkate uliolowa chai. Geuza, mwaga yaliyobaki, subiri dakika 10 nyingine, kisha ingiza mikono yote miwili hadi katikati. Humo mara nyingi hubaki kiini kikavu, kigumu, cha rangi iliyopauka, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kivunje. Kikiingia kizimbani hivyohivyo kitafyonza unyevu wa jirani zake kwa siku kadhaa na kipima unyevu kitakuchanganya kichwa. Kama unaosha chumvi, tia unga kwenye foronya kuukuu, mwagia maji safi, kamua, rudia mara mbili.

Kipimo cha ubichi ni konzi ya mkono. Fumbata, kamua. Maji yakichuruzika, ni mabichi mno, yatandaze juu ya gazeti saa kadhaa. Yakitoa tone mbili tatu na donge likabaki limeshikana ukifungua mkono, ndipo penyewe. Donge likimomonyoka papo hapo, ongeza maji.

Baadhi ya matofali yana nyuzi ndefu za usumba. Kwa kobe mkubwa si kitu, lakini kwa mtoto wa gramu 40 uzi mmoja unaweza kujifunga kwenye mguu na kuukaza hadi uvimbe, au kumezwa ukaning'inia nyuma. Pitisha kwenye chekecheke lenye matundu ya sentimita 1 na utoe nyuzi kwa mkono.

Makumbi peke yake tunayapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Yanashika maji vizuri mno, na yakikauka hulowa tena kwa urahisi, tofauti na piti, ile mboji ya vinamasi ambayo ikikauka kabisa huyakataa maji na kuyaacha yakitiririka juu yake kama mafuta. Kasoro zake mbili hazifichiki. Chini ya taa ya joto tabaka la juu hukauka likawa vumbi jepesi linaloingia machoni na puani, na kugandia majani mabichi ya chakula. Pia ni laini kupita kiasi: kobe mzito anaogelea badala ya kutembea, na shimo alilochimba linaporomoka kabla hajamaliza kugeuka. Dawa ya kasoro zote mbili ni udongo.

Udongo

Unachotafuta ni udongo wa juu uliochekechwa, unaouzwa kwa ajili ya kusawazisha bustani, wala si udongo wa kupandia maua. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye mifuko. Udongo wa kupandia maua karibu siku zote una mbolea, na mara nyingi una pelaiti, zile punje nyeupe nyepesi kama chumvi ya mawe. Kobe huvutiwa na kitu cheupe ardhini, akidhani ni mfupa au ganda lenye kalsiamu, na punje za pelaiti humezwa moja moja hadi zijae. Mfuko usioeleza vizuri, upime: chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika tano. Udongo na mchanga vitazama. Vyeupe vikielea juu, rudisha mfuko.

Harufu nayo inasema. Udongo mzuri unanuka mvua. Ukinuka samadi, siki au dawa, hauingii ndani ya nyumba.

Kuchimba udongo bustanini kwako ni bure na inawezekana, kwa sharti kwamba unajua historia ya mahali hapo. Kama katika miaka ya karibuni pamewekwa punje za kuulia konokono, dawa ya magugu au mbolea ya majani, acha. Metaldehidi ya kuulia konokono ni sumu kwa kobe pia. Udongo wa mfinyanzi mtupu nao haufai. Ukikauka unapasuka na kuwa kama kigae, na kobe anapata michubuko kwenye gamba la tumbo.

Hesabu ya kizimba kimoja

Tuseme una meza ya kobe, yaani kizimba cha mbao kilicho wazi juu, yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Kina cha sentimita 10 kinataka lita 72. Nusu kwa nusu ni lita 36 za makumbi yaliyolowa, yaani matofali 5 ya gramu 650 au zaidi kidogo ya nusu ya bonge la kilo 5, na lita 36 za udongo. Makumbi mabichi yana uzito wa kama nusu kilo kwa lita, na udongo wenye unyevu kidogo hufika kilo 1.2 au zaidi. Jumla ni kilo 60 na ushee, kabla hujaweka jiwe, beseni la maji na mnyama mwenyewe. Meza za mbao nyembamba zinazouzwa kwa ajili ya kobe wakati mwingine zimeundwa kwa kina cha sentimita 4 tu. Ukizijaza, sakafu inapinda katikati, msumari unachomoka, na maji yanapata njia. Ongeza mguu wa katikati, kisha tandika karatasi nzito ya plastiki ya kutengenezea mabwawa, ipandishe kwenye kuta hadi juu ya usawa wa matandiko, na pembe uzizibe kwa silikoni ya tangi la samaki. Silikoni ya bafuni ina dawa ya kuua ukungu, usiitumie.

Sentimita 10 ni kiwango cha chini kwa kobe mzima. Kanuni rahisi ni kwamba azame mpaka mgongo usionekane, na ibaki nafasi chini yake. Kwa Horsfield mzima jaza pembe moja, ile ya baridi, ifike sentimita 20. Watoto wachanga wanatosheka na 5 hadi 7.

Magome na saipresi

Ukiwa na kobe wa miguu myekundu kutoka Amerika ya Kusini, au wa misitu ya Kongo kama Kinixys erosa, hesabu inabadilika. Hawa wanataka unyevu wa asilimia 70 hadi 80 hewani, na sakafu ya msitu ni majani na magome, si udongo wa nyika. Hapo ndipo ReptiBark, ambayo ni magome ya mti wa jamii ya misonobari, na Forest Floor, ambayo ni saipresi iliyokatwakatwa, zote za Zoo Med, zinapostahili bei yake. Saipresi inakunywa maji na kuyaachia polepole, na inachelewa kuota ukungu. Kwa kobe wa unyevunyevu tunaipa nyota nne na nusu. Magome yanapata nne, kwa kuwa vipande vyake vikubwa vinamsumbua mtoto kutembea.

Usitandike saipresi wala magome peke yake. Weka makumbi sentimita 8 chini, magome sentimita 3 juu. Ya chini yanatunza maji, ya juu yanazuia gamba la tumbo kukaa kwenye tope. Chagua vipande vikubwa kuliko kichwa cha kobe wako, asiweze kuvimeza, na toa kwa mkono vilivyochongoka. Magome ya kupandia okidi kutoka duka la bustani ni bidhaa ileile kwa bei ndogo, mradi hayakutiwa mbolea wala rangi. Yale mekundu na meusi ya kupamba bustani yametiwa rangi.

Hapa pana mtego wa lugha kwa msomaji wa Kenya na Tanzania. Saipresi ya mfuko wa Marekani hutoka kwenye miti ya vinamasi ya jamii ya Taxodium. Saipresi yetu, ile iliyopandwa Kinale au Lushoto na kuuzwa matawi yake wakati wa Krismasi, ni Cupressus lusitanica, mti mwingine kabisa, wenye utomvu na harufu kali. Takataka za kiwanda cha mbao cha saipresi hii si mbadala wa Forest Floor.

Kobe wa Hermann na Horsfield ukiwawekea magome pekee watakosa pa kuchimba, na vipande vikavu vinachoma ngozi laini ya kwapa. Kwao hiyo ni nyota mbili.

Mchanga

Huu ndio unaogombanisha wafugaji. Kwa miaka mingi ushauri wa kawaida Uingereza ulikuwa udongo sehemu 60 na mchanga wa kuchezea watoto sehemu 40, na kobe wengi wamezeekea humo bila shida. Wapo wanaoukataa kabisa, kwa sababu madaktari wa mifugo wameona kwenye eksirei utumbo uliojaa mchanga, mweupe kama chaki. Pande zote mbili zina hoja. Mchanga hauyeyuki, ni mzito, na unatulia chini ya utumbo. Kobe mwenye maji mwilini, joto la kutosha na chakula chenye nyuzinyuzi anautoa. Mwenye baridi na kiu anaukusanya. Msimamo wetu: kwa Horsfield mzima, mchanga wa kuchezea watoto usiozidi sehemu moja kati ya tano unasaidia shimo kusimama na maji kupenya. Kwa mtoto wa aina yoyote, usiwepo. Mchanga wa ujenzi ni mkali pembeni na huwa na chokaa, huo tusiujadili.

Mchanga wa kalsiamu ni kesi nyingine, na haina mgogoro. Ni chokaa iliyosagwa, mara nyingi imetiwa rangi nyekundu au samawati, na huuzwa kwa ahadi kwamba mnyama akiumeza utasagika na kumpa kalsiamu. Ahadi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kobe anayehitaji kalsiamu atautafuta kwa makusudi, ataulamba kwa wingi, na chokaa nyingi hupunguza asidi ya tumbo ambayo ndiyo ingeiyeyusha. Ukilowa, unagandana kama saruji. Hakuna nyota. Kalsiamu mpe kwa mfupa wa ngisi.

Vya kupita haraka

Maranda ya mbao ni mazuri kwa kuku, kwa kuwa banda la kuku linatakiwa kuwa kavu. Kwa kobe, maranda makavu yanafyonza unyevu na yakilowa yanaoza. Maranda ya mwerezi ni mabaya zaidi, mafuta yake ya harufu huunguza njia ya hewa, na kobe hawezi kukohoa akatoa makamasi. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa na maganda ya jozi: yanavimba au yanachoma utumbo, na yanaota ukungu. Vidonge vya majani ya alfalfa, vile vya kulisha sungura, vinapendwa kwa kuwa vinalika, lakini kikombe kimoja cha maji kikimwagika juu yake, baada ya siku mbili una uji wenye ukungu. Mchanga wa choo cha paka hugandana kwa kazi yake, utagandana tumboni pia. Nyasi kavu ni chakula kizuri na zinafaa pembe moja ya kujifichia pakavu, si sakafu nzima.

Gazeti na karatasi za jikoni tunazitetea kwa kazi moja tu: kobe mgonjwa, aliyefanyiwa upasuaji, au mgeni anayetengwa wiki chache za mwanzo. Kinyesi kinaonekana, minyoo inaonekana, kidonda hakiingii uchafu. Zaidi ya hapo karatasi inateleza, na mtoto anayekulia juu yake miguu inatanuka kando.

Maji: kiasi gani, wapi

Kosa tunaloliona mara nyingi kwa watu ambao wamenunua vitu sahihi ni kunyunyiza juu. Kunyunyizia kunalowesha gamba na uso wa matandiko, kipima unyevu kinaruka, na baada ya saa moja taa imekausha kila kitu. Maji yamwagwe pembeni. Kwenye kizimba cha sentimita 120 kwa 60 anza na lita moja kwa wiki, robo lita kila pembe, ukimwaga polepole kando ya ukuta ili yateremke hadi chini na kusambaa kutoka huko. Baada ya siku mbili chimba kwa kidole: sentimita mbili tatu za juu ziwe kavu, chini pawe na ubaridi na weusi. Maji yakisimama kwenye plastiki, ulizidisha. Ruka wiki. Majira ya baridi, vipasha joto vya nyumba vikiwaka, huenda ukahitaji lita mbili.

Kipima unyevu kimoja kiwe shimoni anapolala, si ukutani. Kwa kobe wa Mediterania (Hermann na Ugiriki) na Horsfield hewa ya juu asilimia 40 hadi 60 inatosha, lakini ndani ya shimo pawe 70 hadi 80. Na unyevu uende pamoja na joto. Chini ya taa nyuzi 32 hadi 35, upande wa baridi 20 hadi 22 mchana. Matandiko mabichi yaliyopoa ndiyo mwanzo wa mafua ya kobe: mapovu puani, shingo imenyooshwa, mdomo wazi. Kama chumba chako usiku kinashuka chini ya nyuzi 15, punguza maji kabla hujalaumu taa.

Kikausha kikuu cha kizimba ni taa. Iweke juu ya kigae cha sileti, siyo juu ya makumbi tupu. Kigae kinapata joto na kumpasha kobe tumbo, kinasaga kucha, na ukitumia cha pili kuwekea chakula unapunguza matandiko ambayo angeyameza.

Yanapoharibika

Ukungu mweupe wa pamba wiki ya pili au ya tatu ni kawaida kwenye makumbi mapya. Uchote kwa kijiko, fukua hapo, ongeza hewa. Ukiwa wa kijani au mweusi na unarudi, chakula kimefukiwa mahali. Uyoga ukiota, ng'oa kabla hajauona yeye. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukifukua vinasema juu pamelowa mno. Kausha sentimita tatu za juu kwa wiki moja na mayai yatakufa. Utitiri wa rangi ya mchanga unaojikusanya kwenye mabaki ya tango haumdhuru kobe, lakini unakueleza kuhusu usafi wako.

Wafugaji wa aina za unyevunyevu huweka wasafishaji hai: vile vidudu vya kijivu au vyeupe vyenye miguu 14 vinavyojificha chini ya mawe, na vingine vidogo vyeupe vinavyoruka kama viroboto. Wanakula ukungu na kinyesi. Nunua waliofugwa, usiokote bustanini.

Geuza kobe mara moja kwa wiki, umtazame gamba la tumbo. Mabaka ya waridi, sehemu laini inayobonyea, au harufu mbaya ni gamba kuoza: mtoe kwenye matandiko, mweke kwenye karatasi kavu yenye joto, na umwone daktari wa wanyama anayejua reptilia. Macho yaliyovimba na kufumba huanza na vumbi, ingawa si vumbi peke yake linaloleta hayo.

Kuziba utumbo kuna dalili zake: hajanya siku kadhaa ingawa alikuwa anakula, anajikamua, anavuta miguu ya nyuma, kisha anakataa chakula. Mloweke kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, dakika 20 hadi 30, mara mbili kwa siku, na joto lake lisipungue. Asipotoa kitu ndani ya siku mbili, au ukijua amemeza magome au mawe, nenda kwa daktari apigwe eksirei. Usimnyweshe mafuta ya kupikia, yanaishia mapafuni.

Usafi

Kinyesi na mabaki ya chakula vitolewe kila siku, na matandiko yafukuliwe hadi chini mara moja kwa wiki, uvunje mabonge yaliyoshikana. Mchanganyiko wa makumbi na udongo ukitunzwa hivyo unakaa miezi minne hadi sita. Makumbi peke yake, mitatu. Saipresi huonyesha wakati wake kwa kuwa nyeusi na kupoteza harufu ya mbao. Usingoje harufu ya mkojo. Ukiinusa wewe ukiwa umesimama, yeye ameivuta wiki nzima.

Anayesoma akiwa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kusema makumbi kwake ni ya bure, na ni kweli, lakini kobe wa kuokota porini si wa bure. Kenya na Tanzania humfugi mnyamapori bila kibali, na yule kobe bapa wa mawe, Malacochersus tornieri, tangu 2019 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ulaya nako kobe wa Hermann na wa Ugiriki huuzwa na cheti chake. Usipopewa cheti, usianze kununua matandiko.

Siku ya kubadilisha, tandaza mapya, washa taa, na uache kizimba saa 24 hadi 48 bila mnyama, ukisoma vipimo asubuhi na usiku. Bakiza mfuko mmoja wa yale ya zamani yaliyo safi, uyachanganye na mapya, kobe apate harufu anayoijua, la sivyo atazunguka ukutani siku nzima. Yaliyosalia yaende kwenye maua, si kwenye mchicha, maana kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela. Kwa sababu hiyohiyo beseni la kulowekea lisioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wanawe kwa sabuni hata kama walichogusa ni udongo tu.